Mashine Iliyochonga Polepole

Mimi ni mwoga, na ninalisema mapema ili asije mtu akasoma hapa akidhani atakutana na shujaa. Niliogopa mbwa, niliogopa daraja la mto uitwao Sio kila mvua ikinyesha, na zaidi ya yote niliogopa karatasi yenye mhuri. Hilo la mwisho ni balaa kwa mtu wa Busia. Mjini kwetu kila kinachovuka mpaka, kuanzia lori hadi kuku, kina karatasi yake na karatasi ina mhuri wake.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio. Nilikuwa na chumba kimoja kando ya barabara ya soko, chenye mlango mmoja na dirisha moja, na nyuma yake ndipo tulipoishi, mimi na mama watoto. Hii ilikuwa miaka ya tisini, ile ya mwishomwisho, wakati kompyuta ilikuwa bado kitu cha watu kuja kutazama dirishani.

Yangu niliipata Malaba, mji mwingine wa mpakani. Kulikuwa na wakala mmoja wa forodha aliyefunga ofisi akarudi kwao, na kwa kuwa nilikuwa nimemtengenezea redio zake miaka miwili, aliniachia takataka zake: printa tatu zilizokufa na kompyuta kuukuu iliyokuwa bado inapumua. Nilizipakia kwenye pikapu iliyotoka kupeleka omena, na zile printa zikanuka samaki mwaka mzima.

Sasa, ndani ya printa mna mota ambazo si kama mota nyingine. Mota ya feni ukiipa stima inazunguka tu, haina adabu. Hii ya printa inakwenda kwa hatua. Unaipa umeme kidogo, inapiga hatua moja, inasimama, inangoja amri. Mpaka imalize mzunguko mmoja imepiga hatua mia mbili. Niliipenda siku hiyo hiyo, kwa maana mtu mwoga hupenda kitu kinachongoja amri.

Basi nikatoa mota tatu, nikatoa na vyuma vya printa zile zile, nikanunua nondo za kufungia nati dukani, nikaunda meza ya mbao yenye mkono unaokwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kwenye mkono nikafunga mota ya cherehani ya umeme yenye ncha ya kuchongea. Programu niliiandika mwenyewe. Kwa kila hatua kompyuta ilipaswa kwanza kupiga hesabu: mkono uko wapi, unakwenda wapi, mota ipi isukumwe. Ikishamaliza hesabu ndipo inasukuma hatua moja, kisha inaanza hesabu nyingine. Mota haziwezi kwenda haraka kuliko hesabu; hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na bado lilinipita.

Ilipochonga herufi ya kwanza kwenye ubao, mama watoto alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja. Mota zilipokwenda mbio zilitoa mlio mwembamba wa kupanda na kushuka, nusura uuite wimbo. Kanisa moja la upande wa Funyula likaniagiza kibao cha mlangoni: KARIBU NYUMBANI MWA BWANA, herufi ishirini na mbili kwenye ubao wa mvule. Nilikifanyia majaribio kwenye ubao wa bure, kikaisha kwa saa moja na nusu. Haki ya Mungu, nilijiona nimefika.

Ila mji una macho, na macho ya dirishani yana mdomo. Wiki haikuisha nikasikia sokoni kwamba yule fundi wa redio ana mashine inayochonga mihuri ya bandia. Ushahidi? Kompyuta ilitoka Malaba, tena kwa wakala wa forodha. Ungetaka ushahidi gani mwingine? Nilicheka mbele ya watu, nikafika nyumbani nikajifungia chooni nusu saa.

Jumatano akaja mtu wa koti la kijivu. Jua la saa sita lilikuwa kali, na yeye amevaa koti na amelifunga vifungo vyote. Alisimama mlangoni akaangalia chumba kizima kabla ya kuniangalia mimi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ni mimi, mzee."

"Fundi wa nini?"

"Redio, mzee."

"Na hiyo nayo ni redio?" Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye mashine.

"Hiyo ni ya vibao, mzee. Vya kanisa. Vya maduka."

"Washa nione."

"Hakuna stima, mzee. Imepotea tangu asubuhi."

"Imepotea nikija mimi." Hakucheka. Alivuta kiti akaketi, akazungumza taratibu, na heri angenifokea. "Nimeambiwa hapa mihuri inachongwa. Mimi siamini maneno, naamini macho yangu. Jumatatu saa nne nitaketi hapa hapa, nione kibao kizima kikichongwa mbele yangu, herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nina saa mbili tu. Kama mashine ni ya vibao, nitaona vibao. Kama vibao haiwezi, utanieleza inaweza nini, na hutanieleza hapa."

Akainuka akaenda. Sikumwuliza anatoka ofisi gani. Miaka ile hukumwuliza mtu wa namna hiyo swali la namna hiyo. Ulisema ndiyo mzee, ukashukuru kwamba bado umesimama mlangoni kwako.

Mama watoto alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Alifungua sanduku lake akatoa kitambaa kikubwa cheupe chenye maua ya manjano, alichokifuma kwa mkono akiwa na mimba ya kwanza. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, makochi yana vyao, hata chupa ya chai ina chake. Aliipangusa kompyuta vumbi kwa tambara bichi, mbele, pembeni, kila kitundu, kisha akalifunika sanduku lote la kompyuta mpaka kitambaa kikagusa meza, akakibana kwa pini. Kioo cha juu alikiacha wazi, na upande wa kulia akaacha pembe moja ya kuinulia nikitaka kuingiza disketi.

"Wa dirishani wasiione," alisema. "Na usikitoe."

"Sitakitoa."

Alhamisi stima ilirudi, nikawasha ili nijaribu. Mama yangu! Mota hazikuimba. Zilikuwa zinagonga, tak, tak, tak, hata ungeweza kuzihesabu. Mkono ulijikokota juu ya ubao kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Nikatazama saa yangu. Herufi K peke yake ilichukua dakika ishirini. Ishirini mara ishirini na mbili ni zaidi ya saa saba, na yule bwana alikuwa amenipa mbili.

Nikakaa sakafuni. Nilimwona waziwazi akiangalia saa yake, akiinuka, akisema twende. Nilijiona nyuma ya gari ambalo sijui linakokwenda.

Nikasema tulia, wewe ni fundi. Nikaanza na stima, kwa sababu stima ya Busia ilikuwa na tabia ya kuja nusu. Mita ya sindano ikaniambia iko sawa. Nikabadilisha transfoma, nikaweka kubwa zaidi niliyoitoa kwenye redio ya kanda. Mota zikapata moto kuliko kwanza, lakini mwendo haukubadilika.

Ijumaa nikalaumu vyuma. Nikavisugua kwa msasa, nikavipaka mafuta ya cherehani, nikalegeza kila nati mpaka mkono ukawa unateleza kwa kusukumwa na kidole. Nikawasha. Tak, tak, tak. Nikarusha bisibisi ukutani, na mama watoto alipoingia kuuliza kuna nini nikamfokea kwamba mboga ya jana haikuwa na chumvi. "Chumvi ilikuwepo," alisema, akatoka.

Jumamosi nikang'oa nyaya zote, nikaweka nene. Nikabadilisha transista moja baada ya nyingine, nikaunguza vidole viwili kwa chuma cha kulehemu, na sikusikia uchungu, kwa kuwa kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilidhani limekuja kabla ya siku yake. Mchana huo nilitoka nikasimama nje nikiangalia upande wa Uganda. Ng'ambo ni pale tu. Watu wanavuka na ndizi, wanavuka na baiskeli, na mimi ningeweza kuvuka na shati langu. Mama watoto alikuja akasimama kando yangu.

"Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko," nikamwambia.

"Walisema. Lakini ukikimbia wewe, watakaokuja watamkuta nani?"

Nikarudi ndani.

Jumapili yeye alikwenda kanisani kuniombea, mimi nikabaki na mashine. Nilifanya jambo ambalo ningelifanya Alhamisi kama woga usingeniziba akili. Nilichora alama ya penseli kwenye ubao, nikaamuru mkono uende hatua elfu moja mbele, kisha urudi elfu moja. Ulikwenda pole, ukarudi pole, na ncha ikatua juu ya alama ile ile bila kukosea. Nikarudia mara tano. Haikukosea hata mara moja.

Ndipo nilipoelewa kitu. Mota dhaifu huruka hatua. Ukiipa umeme kidogo, ukiikaza, ukiichosha, inatetemeka, inapoteza hesabu, hairudi ilikotoka. Hizi hazikupoteza hata hatua moja. Basi mota hazikuwa na kosa, wala nyaya, wala transista zangu nilizoziunguzia vidole. Zilikuwa zimesimama zikingoja amri kama kawaida yake, na amri ndiyo iliyochelewa. Kompyuta ndiyo ilikuwa inafikiri polepole.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliogopa upya, maana mota ningeweza kuzitibu, lakini ndani ya sanduku la kompyuta nilikuwa mgeni; nilichojua ni programu tu. Nikaiandika programu upya toka mwanzo. Ikawa vile vile. Nilifikiri virusi, nilifikiri uzee. Kulifungua lile sanduku sikuthubutu, kwa sababu kama ningeliua kabisa, hata hizo saa saba ningezikosa. Mama watoto aliporudi nikamwambia kompyuta inakufa. Alikaa karibu nami kitandani, akaanza kunikunjia shati safi la kesho bila kusema ni la kwenda wapi.

Jumatatu saa nne kamili alifika, na koti lake. Aliketi kiti kile kile, akaweka saa yake ya mkono mezani. Mama watoto alileta chai. Nilikuwa nimefunga ubao wa mvule wa kanisa. Kama ni kukamatwa, nilisema moyoni, nikamatwe na kazi ya Mungu mkononi. Nikawasha.

Tak, tak, tak.

Dakika tano. Kumi. Alikunywa chai, akatazama ncha, akatazama saa. Jasho lilinitoka mgongoni likanishuka mpaka kiunoni. Herufi K ilipomalizika alikuwa amekunja uso.

"Hii ndiyo mashine ya vibao? Fundi seremala mwenye patasi angekuwa amemaliza na kwenda nyumbani."

"Huwa inakwenda, mzee. Huwa..."

"Na hapo chini ya kitambaa umeficha nini?"

"Ni kompyuta tu, mzee."

"Kompyuta haivai gauni," alisema. Akainuka, akashika kitambaa cha mke wangu kwa pembe, akakivuta. Pini iliruka. Mama watoto alitoa sauti ndogo pale mlangoni.

Mimi sikumwangalia yeye. Niliangalia sanduku. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kidude mbele kilichoandikwa Turbo, na juu yake taa ndogo ya manjano. Kidude kikiwa ndani, kompyuta inakwenda kwa nguvu zake zote. Ukikibonyeza kikatoka, inajipunguza makusudi, kwa ajili ya programu za zamani zisizoweza mbio. Yule wakala aliniambia nisikiguse, nami sikukigusa. Tangu nilipoileta ile taa ilikuwa inawaka, hata nikasahau kwamba ipo. Sasa haikuwa inawaka. Tambara bichi la mama watoto, siku ile ya kupangusa kila kitundu, lilikuwa limekibonyeza kidude, na kitambaa kikaificha taa siku tano, mimi nikiwa nimekaa kando yake nikiunguza vidole.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Wala sikuthubutu kusema. Niliogopa atadhani nilikuwa nimeifunga makusudi, nimemchezea. Nikajifanya ninapangusa vumbi, kidole kikapita pale, kidude kikaingia.

Mota zikaimba.

"Kumbe!" alisema yule bwana, akarudi kitini.

"Ni joto, mzee," nikamwambia. "Kitambaa kilikuwa kinaitia joto. Ikipata moto inalegea."

Alikuwa anaangalia mkono ukikimbia juu ya mvule, A, R, I, vumbi la mbao likimwangukia kwenye koti bila yeye kulipangusa. Nilisimama nikahesabu herufi pamoja na mashine. Ilipofika A ya mwisho saa yake ilionyesha bado dakika kadhaa kumaliza zile mbili. Mama watoto alijifuta macho kwa upindo wa leso. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, nilivuta pumzi mpaka chini.

Yule bwana alipitisha kidole ndani ya herufi moja, polepole. "Safi," alisema. "Safi kabisa." Kisha akageuka. "Mama, nitafutie soda. Baridi. Hata kama ni mbali, nitangoja."

Mama watoto alitoka. Saa zake mbili zilikuwa zimekwisha, lakini hakuinuka. Alifungua vifungo viwili vya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua juu ya kibao cha kanisa. Sehemu ya chini ya karatasi ile kulikuwa na mhuri wa duara, wino wa zambarau.

"Hii," alisema, "inaweza?"

Nilifikiri nimeijua hofu. Sikuwa nimeijua. Siku tano nilikuwa nimeomba mashine yangu ithibitishe kwamba inaweza, na sasa ilikuwa imethibitisha, na mtu aliyekuja kunikamata kwa ajili ya mihuri alikuwa ameketi kwangu na mhuri mkononi. Nikisema ndiyo, mimi ni mwizi wake mpaka nife. Nikisema hapana, ameona kwa macho yake. Huko nje nilisikia watu wakipatana bei ya nyanya, nikatamani kuwa nyanya.

"Duara ni ngumu, mzee," nilisema. "Tujaribu."

Niliinama kuingiza disketi, mwili wangu ukaziba sanduku lote. Kidole kikapita pale pale. Taa ikazimika. Nikaweka ubao wa bure, nikaamuru duara.

Tak, tak, tak.

"Si ilikuwa inakimbia sasa hivi?"

"Imepata moto tena, mzee. Imefanya kazi nyingi. Umeiona mwenyewe asubuhi."

Aliiona, kweli. Hilo ndilo lililoniokoa, kwamba aliiona. Alikaa dakika arobaini akitazama mkunjo mdogo kama ukucha ukijichora, na mimi nikiwa nimesimama mbele ya ile taa. Mwishowe alikunja karatasi yake, akafunga vifungo vyake viwili.

"Itengeneze," alisema. "Nitarudi."

Mama watoto alirudi na soda akanikuta peke yangu. Nikamwambia mlango ufungwe, nikamweleza yote, kidude, taa, mhuri. Alishika kichwa. "Kwa hiyo ni mimi niliyekibonyeza?"

"Ni wewe. Na Mungu akubariki. Kitambaa kiko wapi?"

Kilikuwa sakafuni, kimejaa vumbi la mvule. Alikikung'uta, akakitandika mahali pake, akatafuta pini mpaka akaiona chini ya meza.

Alirudi kweli yule bwana, mara tatu, na kila mara alikuta mota zinagonga moja moja. Mara ya tatu hakuketi. Mpaka leo sijui alikuwa wa ofisi gani, au kama alikuwa wa ofisi yoyote. Wala hakuna aliyekuja kuniambia kwamba hatakuja tena, na hapo ndipo shida ilipo. Mota zikienda mbio, ule wimbo wake ulisikika mpaka barabarani, na barabarani ungejuaje nani anapita. Kwa hiyo vibao vyote vilivyofuata, vya makanisa, vya maduka, cha zahanati moja huko Sio Port, nilivichonga polepole, kimoja siku nzima. Wateja walilalamika, wengine wakarudi kwa fundi seremala mwenye patasi.

Siku moja, mwaka mwingine kabisa, nilikuwa nimeketi saa ya tano nikingoja herufi ya kumi na tano, mama watoto akaja akasimama nyuma yangu. "Si sasa unaweza kuirudisha mbio?" aliniuliza. Nikamwambia kesho. Alijua kesho hiyo haiji, wala hakuniuliza tena. Kompyuta ile ilikufa ikiwa chini ya kitambaa chake, na taa imezimwa.